Salamu Kwenye Faili

Mtu akikusalimia, unaitikia. Hilo Laurence hakufundishwa darasani, alilinyonya. Unaweza kuwa umefiwa, unaweza kuwa hujala tangu jana, lakini salamu ni salamu, na jibu lake ni nzuri. Shida zako utazieleza baadaye, ukishakaribishwa kiti. Ndiyo maana wageni wawili walipoingia saluni kwake Husby, huko Uswidi, Alhamisi moja ya mwezi wa pili mwaka 2009, hakuna mwanamke hata mmoja mle ndani aliyejua kwamba anahojiwa.

Mle ndani walikuwamo wanawake watatu. Laurence mwenyewe, mwenye saluni, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Josephine, mteja, Mganda anayefagia hospitali, alikuwa kitini tangu saa tatu anasukwa rasta ndogo ndogo. Na Wamaitha, Mkenya, ambaye wote walimwita Mama Whitney, amesimama upande wa pili wa kichwa cha Josephine, vidole ndani ya nywele.

Wamaitha hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mgonjwa. Miaka tisa aliwanyanyua wazee wa Kiswidi kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi chooni, mpaka mgongo ukakataa. Tangu majani yalipoanza kudondoka alikuwa nyumbani kwake Hallunda, anaishi kwa fedha ya ugonjwa, na daktari amemwambia asikae sana, asilale sana, atembeetembee. Basi akawa anapanda treni ya njia nyekundu, anabadilisha kati ya mji, anachukua ya bluu, anakuja Husby kutembeatembea. Na ukimkuta mwenzako anahangaika na kichwa kizima peke yake unafanya nini? Unakaa na mikono mapajani kama bibi harusi? Unashika upande wa pili. Mikono ikiona kazi ya ndugu haingoji kutumwa. Hiyo si ajira, ni adabu.

Lakini kulikuwa na daftari. Lilining'inia kwa kamba karibu na mlango, jekundu, kurasa zake zimeshonwa zisichanike. Tangu mwaka 2007 serikali ilikuwa imeamuru kila saluni na kila mgahawa uwe nalo: jina la kila anayefanya kazi humo, namba yake, saa aliyoingia, saa aliyotoka, kwa wino. Sababu waliyotoa ni kwamba huko ndiko watu wanakofanya kazi kwa siri bila kodi. Mabenki hayakuambiwa yatundike daftari mlangoni. Mawakili hawakuambiwa. Wasusi na wapishi ndio walioonekana wezi kabla hawajaiba.

Laurence hakubishana na daftari. Alikuwa amechoka kubishana na makaratasi. Kusajili ile saluni kulimla miezi kumi na moja. Jina la kwanza alilopeleka lilirudishwa kwamba linafanana na la mtu mwingine, la pili likarudishwa kwamba halieleweki, na karani mmoja akamwuliza mbona jina lake halifanani na la baba yake wala la mumewe wala la mtoto wake. Akamweleza kwamba Burundi kila mtoto huzaliwa akapewa lake. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha kwenye nafasi ya jina la ukoo akaandika: haijulikani.

Sasa wageni. Mmoja alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, begi begani. Mwingine alikuwa mzee wa nywele nyeupe, mwembamba, aliyevua kofia yake mlangoni kama anayeingia kanisani. Ndiye aliyesema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wanaokunywa chai mle ndani:

"Hamjambo, akina mama. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba," Wamaitha akajibu bila kutoa vidole. "Karibu. Lakini funga mlango, baridi itatumaliza."

Ilikuwa kama mtu amewasha jiko. Josephine alicheka mpaka rasta aliyokuwa akisukwa ikachomoka. Miaka kumi na moja Laurence alikuwa amekaa nchi hii, na hakuna Mswidi aliyewahi kumsalimia kwa lugha iliyomlea. Akavuta kiti, akapangusa kiti, akafungua chupa ya chai. Mzee akasema jina lake ni Hedlund, amezaliwa Tabora, baba yake alikuwa mmisionari, na yeye mpaka miaka kumi na minne aliota ndoto zake kwa Kiswahili. Akauliza kama bado kuna asali ya Tabora. Wamaitha akamwambia asali ipo, nyuki ndio wamehamia Nairobi wanafanya siasa. Mzee akacheka vizuri, kicheko cha mtu aliyekumbuka utoto wake. Chai akaikataa kwa adabu, mkono kifuani. Haruhusiwi.

Kisha akatoa kitambulisho na kusema ametumwa na ofisi ya kodi kuangalia daftari, ni utaratibu tu. Laurence akalitoa kwenye kamba akampa kwa mikono miwili. Lilikuwa na jina moja siku ile, lake.

"Na huyu mama?" mzee akauliza.

"Huyu? Huyu ananisaidia tu."

"Amekusaidia tangu lini?"

Hapo Laurence alipaswa kuuma ulimi, lakini nani anauma ulimi anapopewa nafasi ya kumshukuru rafiki yake mbele ya mzee? Siku ya kufungua, Wamaitha alileta kioo kutoka Hallunda, amekikumbatia ndani ya treni mbili, akakitundika mwenyewe, akaliombea lile duka.

"Tangu siku ya kwanza, mzee wangu. Bila Mama Whitney saluni hii isingekuwepo."

"Anastahili mshahara mkubwa," mzee akasema.

"Ananilipa chai na umbea," Wamaitha akasema. "Na umbea wenyewe wa wiki iliyopita."

Wakacheka wote wanne. Msichana hakucheka maana hakuelewa. Akamtazama mzee, mzee akainama akamnong'oneza kwa Kiswidi, na msichana akaandika. Kicheko kiliisha, Josephine akarudisha kichwa sawa, mzee akavaa kofia na kuaga. Msichana alikuwa bado anaandika.

*

Barua ilifika baada ya siku kumi, nyumbani kwao Akalla, kurasa nne. Laurence alisoma Kiswidi cha dukani na cha basi, lakini Kiswidi cha barua kina kucha. Akampa binti yake Mélissa, wa miaka kumi na sita, ambaye mama akimwongelesha Kiswahili anajibu Kiswidi. Siku hiyo, kwa kuona uso wa mama yake, akajaribu Kiswahili.

Mumewe Térence, dereva wa teksi, alikuwa mezani anakula. Mélissa akasoma polepole. Mtu mmoja ambaye hayumo kwenye daftari alikutwa akifanya shughuli za kusuka. Alipoulizwa kuhusu kazi, alijibu kwamba kazi ni nzuri. Mwenye biashara alithibitisha kwamba mtu huyo amekuwepo tangu siku biashara ilipofunguliwa, na kwamba biashara isingeweza kuwepo bila yeye. Malipo ni chai, pamoja na, hapo mtoto akasita, pamoja na taarifa.

"Taarifa gani?" Térence akauliza.

"Imeandikwa taarifa tu. Taarifa za wiki iliyotangulia."

Faini ilikuwa krona elfu kumi na mbili: kumi kwa kosa la daftari, mbili kwa kichwa cha Wamaitha. Nyuma kulikuwa na karatasi ya kukubali. Ukiisaini ndani ya siku kumi na nne, jambo limekwisha. Usiposaini, una haki ya kuleta maelezo yako. Na mwisho kabisa, kwa herufi zile zile kama za mengine, nakala ya maelezo ya ukaguzi itapelekwa ofisi ya bima ya ugonjwa.

Térence aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umelipiwa ghali huko nyuma, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu. Akasema wasaini. Elfu kumi na mbili ni nyingi lakini hazijamuua mtu. Wakibishana, watu wale watarudi na masanduku, watachambua risiti hadi ya sindano. Akamwuliza mkewe anatazama nini ukutani.

"Alisema amezaliwa Tabora," Laurence akasema.

"Sasa?"

"Sasa alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ile ni salamu, Térence. Angekuwa Mswidi wa kutafsiri na kamusi, ningesema hajui, tumsamehe. Huyu alijua. Aliingia na lugha ya mama yangu kama ufunguo, akafungua, akaiba, akafunga mlango kwa adabu."

Térence akasema wao ni wageni hapa, na mgeni hashindani na mwenye nyumba. Laurence akacheka, na hakikuwa kicheko. Akamkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na jembe la nchi hii wamelishika miaka kumi na moja: yeye Térence amewabeba walevi wao, Wamaitha amewatawaza wazazi wao, Josephine amefuta damu yao sakafuni. Wanaoshika jembe miaka yote hiyo wana haki angalau ya kuitikia salamu bila kutozwa.

Mélissa alikunja barua. Akasema kwa Kiswidi kwamba angewaambia mapema, huku mtu mwenye beji akikuuliza kitu hujibu kitu kingine chochote ila ulichoulizwa. Mama yake akamwambia hilo ni kweli, na ni aibu kubwa kwa nchi iliyomfundisha mtoto hivyo.

*

Mtu wa makaratasi alikuwa Owuor. Alikuja kutoka Kisumu kusoma, akasoma, akabaki, sasa ana kazi ya hesabu katika kampuni moja ya Kista na mkoba wa ngozi. Jumamosi huwasaidia watu barua zao katika ukumbi wa kanisa, bure. Ni mtu mwema. Ila kuna wema wa mtu aliyekwisha kuvuka mto, anayekuelekeza penye mawe akiwa ng'ambo.

Aliisoma barua mara moja tu, akavua miwani.

"Sikiza, Mama Mélissa. Huku ukweli sio kile kilitokea. Ukweli ni kile kimeandikwa, kikapewa namba. Hii tayari iko na namba. Saini, lipa, songa mbele."

Laurence akauliza ya Wamaitha. Owuor akajikuna shingo. Akasema bima wakiona hiyo karatasi yenye saini watamkata, pengine wamdai alizokula tangu aanze kuja. Lakini hiyo ingekuwa kesi ya Wamaitha, sio ya saluni. Kuna njia ya katikati: aandike kwamba siku ile Wamaitha alikuwa anajaribiwa kazi, siku moja tu. Ofisi hupenda kitu kama hicho, kinatoshea kwenye kisanduku.

"Lakini hakuwa anajaribiwa kazi."

"Najua. Wewe unajua. Karatasi haijui."

"Kwa hiyo nikisema kweli mimi ni mwongo, na nikidanganya watanisifu kwa ushirikiano."

Owuor akasema asichukue mambo kwa hasira. Laurence akakusanya kurasa zake nne moja moja, akamshukuru kwa muda wake kama inavyopasa, akamwambia kwamba kesi ya Wamaitha ilianza mikono yake ikiwa ndani ya kazi ya saluni, kwa hiyo ni kesi moja, na asiikate katikati kama mkate.

Wamaitha mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Alipiga simu jioni ile ile, ameshasikia kwa Josephine. Akasema aandikwe mfanyakazi tu. Mgongo wake umeshaisha, duka la mwenzake bado limesimama; hakuna haja ya vyote viwili kuanguka. Whitney ataelewa, watahamia chumba kimoja. Laurence akamwambia asilete ushujaa wa kipuuzi. Wamaitha akamwambia yeye ndiye analeta kiburi, na kiburi hakilipi kodi ya nyumba. Wakarushiana maneno, mara ya kwanza tangu wajuane, mpaka Wamaitha akasema kwa sauti ya chini kwamba kinachomuuma hata si hela. Alikuwa amefurahi siku ile. Yule mzee alipomsalimia alijisikia mtu, tena mtu wa kutoka mahali fulani, na sasa kila akikumbuka anaona haya kama aliyevuliwa nguo.

Baada ya hapo Laurence hakuhitaji ushauri wa mtu. Akaichukua karatasi ya kukubali, akaichana mara nne mbele ya Térence, na Térence akaokota vipande akavitia kwenye pipa la karatasi, maana hata hasira hapa ina pipa lake.

*

Alipewa nafasi ya kutoa maelezo yake saa nne asubuhi, Jumanne. Alifunga saluni, akavaa koti lake la kanisani. Waliomngojea walikuwa wale wale wawili, katika chumba chenye meza nyeupe na jagi la maji. Msichana alikuwa mbele ya kompyuta. Bwana Hedlund alikuwa na mkono wa kulia ndani ya plasta, umefungwa shingoni kwa kitambaa. Barafu ya mwezi wa tatu haibagui.

Laurence aliomba kutoa maelezo yake kwa Kiswahili. Mzee akafurahi, kabisa, kama siku ile. Akasema atamtafsiria mwenzake neno kwa neno.

"Shikamoo, mzee," Laurence akasema.

"Marahaba, mama."

"Pole sana. Mkono unaendeleaje?"

"Vizuri tu. Namshukuru Mungu."

Laurence akamgeukia msichana, akaongea Kiswidi chake cha dukani, kila neno peke yake kama anayepanga viazi.

"Andika. Bwana Hedlund ameulizwa kuhusu mkono. Amejibu kwamba mkono ni mzima."

Vidole vya msichana vilianza kuandika kwa mazoea, vikasimama. Akamtazama mzee.

"Andika tu," Laurence akasema. "Halafu peleka nakala kwenye bima yake. Mtu mwenye mkono mzima anavaa plasta kwa nini?"

Mzee alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia kola. "Mama, hiyo ni salamu tu," akasema kwa Kiswahili.

"Sijakusikia, mzee wangu. Mwambie yeye. Kwa Kiswidi, ili iandikwe."

Nje mashine ilikuwa inakwangua barafu. Laurence hakuondoa macho yake usoni pa yule mzee, na alichokiona kilimkasirisha zaidi ya vyote: hakikuwa uso wa mtu mbaya. Ulikuwa uso wa mtu anayependa Tabora, anayependa asali, anayependa akina mama wanaocheka, na ambaye akirudi mezani kwake huyaweka yote hayo kwenye visanduku bila kuumia popote. Mtu mbaya ungemjua akiwa mlangoni, ungeficha ulimi.

Mzee akasema, kwa Kiswidi, kwamba ile ni salamu tu. Msichana akaandika.

Wakapitia maelezo sentensi kwa sentensi. Mzee alijitetea kwamba hakubuni kitu, kila neno alilolitafsiri lilitafsiriwa sawasawa. Laurence akamjibu kwamba ndiyo, kila neno ni sahihi, na ukiyajumlisha yote ni uongo. Akamweleza, yeye aliyeota kwa Kiswahili mpaka miaka kumi na minne, kwamba mtu akisema bila fulani duka hili lisingekuwepo anashukuru, hatoi hesabu ya wafanyakazi. Na kwamba mtu anayesema analipwa umbea anatania, na kama wanataka kuutoza kodi umbea basi waanze na magazeti yao. Msichana alijificha nyuma ya kompyuta, mabega yanatikisika. Sentensi ya kazi nzuri ikafutwa. Ya siku ya kwanza ikafutwa. Chai na taarifa zikafutwa. Neno mfanyakazi likafutwa.

Ndipo msichana, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasoma kilichobaki.

"Lakini mikono yake ilikuwa kwenye nywele," akasema. "Sheria haiulizi kama analipwa. Inauliza nani alikuwa na shughuli mle ndani."

"Alikuwa mgeni."

"Sawa. Mgeni mwenye shughuli huandikwa."

Laurence alimtazama mzee wa Tabora amsaidie kueleza, maana hilo hata Kiswidi cha kucha kisingelifikia. Hedlund alikuwa anatazama jagi la maji. Akasema taratibu, kwa Kiswahili, kwamba anaelewa. Anaelewa kabisa. Lakini sheria ni sheria.

*

Walilipa elfu kumi na mbili. Zilitoka kwenye tiketi ambayo Térence alikuwa anaidunduliza aende Bujumbura kumwona mama yake. Hata hivyo Laurence alitembea kichwa juu. Karatasi mpya, yenye namba mpya, haikumwita Wamaitha mfanyakazi. Aliitengenezea nakala tatu. Hata Owuor alikiri kwamba hajapata kuona ofisi ikifuta maneno yake yenyewe.

Wiki tatu baadaye Wamaitha aliingia saluni na barua yake mwenyewe. Akaiweka juu ya meza ya machanuo, akasema someni, akina mama, someni habari njema.

Ofisi ya bima haikumtuhumu kufanya kazi. La hasha. Ilisema imepokea maelezo yaliyorekebishwa. Kutokana nayo imeonekana kwamba anaweza kusimama, anaweza kuinua mikono juu ya mabega kwa muda, na vidole vyake vinaweza kazi ndogo ndogo za ustadi. Mtu wa namna hiyo hawezi kunyanyua wazee, ni kweli, lakini nchi ina kazi nyingine nyepesi, za kila namna. Kwa hiyo fedha yake ya ugonjwa inakoma mwisho wa mwezi.

Laurence alisoma mara mbili. Ndipo akaelewa alichokipigania kule kwenye meza nyeupe. Alimwondolea Wamaitha aibu ya kuwa mwongo, wakampa adhabu ya kuwa mzima.

"Nakata rufaa," Laurence akasema. "Naandika mimi mwenyewe. Naenda kwa yule mzee—"

"Utamsalimia nini safari hii?" Wamaitha akasema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, upande mmoja, kama mgongo ulivyomruhusu. "Rufaa tutakata. Itachukua mwaka. Kwa mwaka huo Whitney atakula nini, nakala zako tatu? Wewe niajiri. Si serikali yenyewe imeniandikia barua ya sifa? Wewe hata siku moja hujawahi kusema vidole vyangu vina ustadi."

Josephine, aliyekuja kufumuliwa, alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Ikawa hivyo. Laurence akarudi kwenye makaratasi, safari hii kujisajili kuwa mwajiri, na Owuor akajaza visanduku. Saa tisa za kazi kwa wiki ndizo alizoweza kulipa, na kwa kila krona aliyompa Wamaitha aliipa serikali karibu theluthi yake juu, kwa heshima ya kumruhusu amsaidie rafiki yake. Akamwandalia mkataba. Wakasaini kwenye meza ya machanuo, na hawakujua baada ya hapo wapeane mikono au wakumbatiane, wakafagia.

Saluni ikawa safi kisheria. Akija mtu kupiga soga Laurence alimwonyesha benchi la mlangoni, na akisogea karibu na nywele alimwambia akae. Siku moja Josephine alishika ufagio azoe nywele zake mwenyewe, kama alivyofanya siku zote, Laurence akamnyang'anya kwa ukali kiasi kwamba Josephine akaomba radhi. Wengine wakapunguza kuja. Walisema Mama Mélissa siku hizi ana roho ya Kizungu. Yalimfikia, akaendelea kuwaonyesha watu benchi.

Wamaitha alikuja siku tatu kwa wiki. Saa sita kamili alikuwa mlangoni, si sita kasoro, maana kasoro nayo ingeandikwa. Alisuka vizuri, haraka kuliko zamani, midomo ameikaza. Mgongo ukimzidi alikwenda kule nyuma akaegemea ukuta, na Laurence alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Zamani angemwambia aende nyumbani akalale. Sasa akimwambia hivyo ni kumkata saa, na saa ndizo chakula cha Whitney.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, wateja wamekwisha, Wamaitha alichukua koti lake msumarini.

"Haya, Mama Mélissa," akasema. "Naomba ruhusa."

Ndivyo mgeni anavyoaga. Ndivyo mfanyakazi anavyoomba. Laurence akamtazama usoni ajue ni yupi kati ya hao wawili anayesema naye, na hakujua, na aliona kwamba Wamaitha mwenyewe hana hakika.

Kwao wote, Kigoma na Nyeri, mgeni akiomba ruhusa hapewi mara moja. Mwenye nyumba hukataa kwanza. Mbona mapema, chakula ki jikoni, kaa kidogo. Mgeni naye hukataa, na katika kukataliana huko hupita nusu saa nzuri kuliko zote za siku. Neno lilimjia Laurence mpaka kwenye meno. Kaa kidogo. Lakini kumwambia mfanyakazi akae kidogo ni kumwongezea muda, na muda huandikwa, hulipwa, hukatwa kodi, na mkataba uliishia saa tisa. Akalimeza, likashuka kama mfupa.

Akavuta daftari kwa kamba yake, akatazama saa ya ukutani.

"Saa tisa na dakika kumi," akasema, kalamu mkononi.

"Weka kumi na tano," Wamaitha akamwambia. "Bado sijafunga vifungo."